Zimwi la Daktari Tenma, na Ugonjwa Wetu wa Haraka

Mwezi uliopita tulikaa walimu sita chini ya mwembe baada ya kazi, tukizungumza habari za vitu ambavyo vijana wetu huvitazama jioni katika simu zao. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwenye akili wala si mtu wa mzaha, akasema, "Ile hadithi ya Kijapani iitwayo Monster nimeimaliza kwa nusu saa. Nilitazama muhtasari wake, nikajua nani kaua na nani kafa. Yatosha. Nani ana siku za kupoteza?" Wengine wakacheka, wakamsifu. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akipita, akasimama akaongeza kwamba hata hiyo nusu saa ilikuwa nyingi, kwa kuwa katuni ni mchezo wa watoto, na hii tena ina mauaji ndani yake, na jina lake maana yake ni zimwi.

Siku ile nalinyamaza, kwa maana sikuwa na maneno tayari. Leo ninayo, na kwa kuwa wote wawili ni wasomaji wa gazeti hili, nayaandika hapa mbele ya watu wote, kwa heshima. Nasema ya kuwa wote wawili wamekosa, na ingawa wasema maneno mbalimbali, kosa lao ni moja: wamehukumu kabla ya kungoja. Tena nasema ya kuwa kosa hili halikomi katika mambo ya sinema, bali latuingia mpaka darasani, na barazani, na nyumbani mwetu.

Kwanza tujue kitu chenyewe, tusije tukabishana juu ya jambo tusilolijua. Monster hapo mwanzo ilikuwa hadithi ya kuchorwa vitabuni. Mchoraji wake ni Naoki Urasawa, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1960. Aliichora kidogo kidogo katika gazeti la watu wazima, tangu mwaka 1994 hata mwaka 2001, ikawa vitabu 18. Mwaka 1999, hali haijamalizika bado, ilipata tuzo kubwa yenye jina la Osamu Tezuka, aliyekuwa bingwa wa wachoraji wa Japani. Kisha ikafanywa sinema ya michoro, ambayo Wajapani huiita anime, katika studio ya Madhouse, na msimamizi wake alikuwa Masayuki Kojima. Ikaonyeshwa katika televisheni ya nchi ile tangu Aprili 2004 hata Septemba 2005. Ina sehemu 74, na kila sehemu yapata dakika 23 hivi, yaani jumla yake ni saa 28. Basi angalieni: Wajapani wenyewe walipewa sehemu moja kwa juma, wakakaa nayo siku saba, wakaifikiri, ndipo wakapewa ya pili. Walingoja karibu mwaka mmoja na nusu. Chakula kilichopikwa mwaka mmoja na nusu, mwenzangu asema amekila kwa nusu saa.

Sasa habari yenyewe. Mambo yaanza mwaka 1986 katika mji wa Düsseldorf, Ujerumani ya Magharibi kama ilivyoitwa wakati ule. Yuko daktari mmoja kijana, Mjapani, jina lake Kenzo Tenma, fundi hodari wa kupasua vichwa na kuponya ubongo. Mkuu wa hospitali ampenda kwa sababu ya mikono yake, na binti wa mkuu, aitwaye Eva, ni mchumba wake. Siku moja aletwa kibarua, mtu wa Uturuki, ameumia. Tenma yu tayari kumtibu. Lakini aamriwa amwache, akampasue mwimbaji mashuhuri aliyefika nyuma yake. Atii. Mwimbaji apona, magazeti yasifu hospitali, na yule kibarua afa mikononi mwa daktari mwingine. Kisha mkewe aja kumwuliza Tenma mbele ya watu kwa nini mumewe aliyetangulia kufika hakutangulia kutibiwa. Daktari hana jibu.

Punde mambo yaja tena kwa namna ile ile, kana kwamba mwalimu amrudishia mwanafunzi hesabu aliyoikosa. Usiku aletwa mtoto wa kiume, amepigwa risasi ya kichwa. Ana pacha wake wa kike, na wazazi waliowalea wameuawa usiku ule ule. Nyuma yake aletwa meya wa mji. Mkuu aamuru Tenma amwache mtoto, amtibu meya. Safari hii Tenma akataa. Ampasua mtoto, mtoto apona, meya afa. Daktari apoteza cheo, na mchumba amwacha. Haukupita muda, mkuu wa hospitali na wakubwa wawili wafa kwa peremende zenye sumu, na watoto wale pacha watoweka. Miaka tisa yapita. Mwaka 1995 yule mtoto, jina lake Johan, atokea mbele ya Tenma hali amekuwa kijana mzuri wa uso na mpole wa maneno, naye ni mwuaji wa watu wengi. Amwua mtu mbele ya macho ya daktari, kisha amwambia ya kuwa yeye hatamwua kamwe, kwani ndiye aliyemrudishia uhai. Ni kama baba yake.

Wazee wetu walinena, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hadithi nzima yaweza kukaa katika mithali hiyo. Zimwi hili lamjua Tenma, wala halimli yeye. Ila lala kazi yake, na jina lake jema, na usingizi wake. Naye ashika njia katika Ujerumani yote mpaka Prague, akimtafuta mtu aliyemponya ili amwue, huku polisi wakimtafuta yeye.

Sasa yule mwenzangu ataniambia, "Hayo yote nayajua, nami niliyapata katika nusu saa yangu." Vema. Basi nakuuliza, ndugu: Je, Tenma alikosa kumponya yule mtoto? Mwenye muhtasari hujibu upesi. Mmoja husema, "Alikosa, maana watu wengi wamekufa." Mwingine husema, "Hakukosa, maana daktari kazi yake ni kuponya." Majibu yote mawili ni mepesi kama pumba. Aliyetembea na daktari yule sehemu baada ya sehemu hajibu upesi, kwa sababu amemwona akiishika bunduki kwa mikono ile ile iliyoponya, na kila anapofika mahali pana mgonjwa, aiweka chini bunduki na kumtibu kwanza. Iko sehemu nzima inayosimulia habari za daktari wa kijijini, Schumann, na mwanamke mzee mmoja mgonjwa wake, na Johan hayumo. Wenye haraka husema, "Sehemu hii haina kitu, iruke." Kumbe ndimo lilimo jibu! Humo twaona mtu huyu ni nani wakati hakuna anayemtazama. Ukiiruka, umemruka mtu mwenyewe, umebaki na kivuli chake na bunduki.

Yuko na Richard Braun. Huyu zamani alikuwa polisi. Pombe ikamharibia kazi na nyumba. Sasa afanya upelelezi wa kuajiriwa. Ahesabu siku zake asizogusa kileo, na tumaini lake ni kukutana tena na binti yake. Hadithi yakaa naye polepole, kama mtu anayekaa na jirani mgonjwa. Twamwona akitazama chupa asiinywe. Twamwona akizungumza na mganga wake. Twaanza kumpenda pasipo kujua. Yatakayompata sitayasema, lakini nasema hivi: aliyesikia habari yake kwa sentensi moja ya muhtasari hakupoteza kitu, kwa sababu hakuwa na kitu cha kupoteza. Aliyengoja naye atalia. Nani katika hawa wawili amejifunza jambo juu ya mlevi anayejaribu kuacha pombe? Katika vijiji vyetu watu kama Richard wako wengi, nasi twapita mbele yao kila siku na muhtasari wao kinywani: "Yule ni mlevi."

Na Wolfgang Grimmer, mtu mrefu anayecheka daima, hatokei mpaka karibu nusu ya hadithi. Alilelewa katika nyumba ya yatima huko Berlin ya Mashariki, iitwayo Kinderheim 511, ambamo watoto walifanyiwa majaribio ili wawe watu wasio na huruma wala hofu. Huyu hajui kufurahi wala kuhuzunika. Kicheko chake amejifunza, kama mtoto ajifunzavyo kuandika irabu. Mwanawe alipokufa hakuweza kulia, na mkewe hakuweza kumsamehe. Mtu wa namna hii hafahamiki kwa dakika mbili, maana katika dakika mbili huoni ila kicheko.

Wengine watasema, "Hata hivyo mwendo wake ni mzito mno. Watu huketi, huzungumza, hutazama dirishani, na mvua yanyesha." Ni kweli. Mapigano ni machache, na yule mwuaji mwenyewe huonekana kwa nadra. Mara nyingi twasikia habari zake tu kwa watu aliokwisha kuwapitia. Lakini hofu ya hadithi hii ndiyo iliyomo katika ukimya huo. Zimwi linalonguruma mlangoni latisha mara moja, kisha laisha. Zimwi linalozungumza kwa upole, linalowauliza watu maswali mpaka wenyewe waona uhai hauna thamani, hilo halionekani ila kwa mtu aliyetulia. Tena mwendo ukiwa mzito huwa twapata nafasi ya kujiuliza. Mkulima wa kahawa hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna, wala haendi shambani usiku kuuvuta mche ili urefuke. Akifanya hivyo jirani zake watamcheka. Mbona kijana anayeiharakisha hadithi katika simu yake, hata watu wakasema kama kasuku, hatumcheki?

Wala sisemi ya kuwa kazi hii haina ila. Daktari Tenma hukutana na watu awatafutao kwa bahati nyingi mno. Katika nchi kubwa kama Ujerumani jambo hilo lachosha imani ya mtazamaji. Ziko pia sehemu ambazo zingeweza kufupishwa bila hasara. Lakini hukumu hiyo ni halali ya mtu aliyezitazama.

Sasa namgeukia mzee wetu wa kanisa, kwa unyenyekevu. Baba, wasema ya kuwa michoro ni ya watoto. Je, zile picha za mafundisho ya Dini zilizotundikwa ukutani, ambazo wewe mwenyewe ulifundishwa nazo habari za Mwana Mpotevu na Msamaria Mwema, zilikuwa mchezo? Mchoro ni chombo kama kalamu. Wenye kuutumia vema wapo, na wenye kuutumia vibaya wapo. Wasema tena kwamba ina mauaji. Ni kweli, wala mimi sitaki watoto wa madarasa ya chini waitazame, nami sikuwaonyesha. Ina ulevi, ina watu wanaojiua, ni chakula cha watu wazima. Lakini Kitabu chetu chenyewe, baada ya bustani, chatupa Kaini na ndugu yake. Chatupa Daudi na Uria. Hakikutuficha damu. Kilitutaka tuitazame mpaka tujue ilitoka moyoni mwa nani. Na hapa nitakuambia jambo ambalo hukulijua, kwa sababu ulihukumu jina la nje: hadithi hii yafunguliwa kwa maneno ya Ufunuo wa Yohana, sura ya 13, juu ya mnyama atokaye baharini. Mwandishi wake si mhubiri, wala sisemi kwamba ni kitabu cha Kikristo. Nasema alijua mahali pa kuchota.

Tena ndani yake imo hadithi ndogo ya kitabu cha watoto, ambayo bibi zetu wangeifahamu mara moja. Palikuwa na zimwi lisilo na jina. Likatamani jina, likajigawa mawili, nusu ikaenda mashariki na nusu magharibi. Lile la mashariki likawaingia watu, likapewa majina yao na nguvu. Lakini kila mara lilishikwa na njaa likamla mtu kwa ndani, likabaki tena bila jina. Mwisho likapata mtoto aliyeitwa Johan, likalipenda jina lile, likakaa. Lakini lilikuwa limekwisha kuwala watu wote, hata mwenzake wa magharibi, asibaki mtu wa kuliita. Baba, wewe umesimama mara nyingi kando ya kisima cha ubatizo, umesikia mchungaji akiuliza jina la mtoto. Wajua kuliko mimi kwamba jina ni kitu cha kuitwa nacho na wengine, na kwamba mtu asiyeitwa na yeyote yu hatarini. Hadithi hii yasema jambo hilo hilo kwa saa 28, kutoka katika nchi isiyo ya Kikristo. Je, yafaa tuitupe kabla ya kuisikia?

Nimebakiwa na jambo moja, nalo lanihusu mwenyewe. Yumo katika hadithi hii inspekta mmoja wa polisi ya Ujerumani, jina lake Lunge. Ana akili kupita wote. Asikiapo neno, huchezesha vidole vyake hewani kana kwamba apiga taipu, na neno hilo hasahau tena. Tangu mwanzo amekata shauri kwamba mwuaji ni Tenma, na huyo Johan hayuko, ni nafsi ya pili ya daktari. Kila apatacho chathibitisha alichokwisha kuamini. Mkewe na binti yake wamwacha, wala hageuki.

Nilipomtazama nalimcheka, kisha nikaacha kucheka. Miaka minne iliyopita fedha za daftari za darasa langu zilipotea. Yuko mvulana mmoja maskini, mkimya, ambaye jana yake alionekana karibu na meza yangu. Nilimwuliza maswali mawili, akanyamaza, nami nikaona kunyamaza kwake ni ungamo. Shauri lile halikuchukua dakika kumi. Nikamtaja mbele ya wenzake. Hakurudi shule tena. Baada ya majuma matatu nalizikuta fedha zile katikati ya kurasa za kitabu cha mahudhurio, mahali nilipoziweka kwa mkono wangu. Nilikwenda kwao, mama yake akaniambia amekwenda mbali kutafuta kazi. Mpaka leo sijamwona. Nilikuwa nimeusoma muhtasari wake: maskini, mkimya, alionekana karibu. Nikajua nani kaiba. Ikatosha.

Kwa hiyo, mwenzangu, sikuandika haya kwa ajili ya kuitetea sinema ya Wajapani, ambayo haina haja na utetezi wa mwalimu wa kijijini. Wanafunzi wetu hutuona. Wakituona twajivuna kwamba tumemaliza kwa nusu saa kazi ya miaka, watajifunza kwamba kila kitu kina njia ya mkato, na kwamba mtu naye aweza kujulikana kwa njia hiyo. Kisha watakuwa wazee wa baraza, na mahakimu, na waganga, nao watakuwa na dakika kumi kwa kila mtu. Asiyeweza kungoja hadithi, atamngojaje mwanadamu?

Basi nakupa shauri. Njoo nyumbani kwangu Jumamosi baada ya kazi za shamba. Tutatazama sehemu mbili, wala si zaidi, kisha tuzime simu tuzungumze. Tukiendelea hivyo tutamaliza kwa majuma 37. Usiniambie mwisho, ijapokuwa wadhani waujua. Na mzee wetu akipenda kuja, kiti chake kipo. Akiona neno baya atuambie, nasi tutamsikiliza mpaka amalize.

Mungu atupe macho ya kutazama, na moyo wa kukaa mpaka mwisho wa jambo.

Ni mimi mwalimu wenu.